Benki, Kampuni Changa au Uzamili wa Nje: Njia za Kuingia Katika Mifuko ya Mitaji kwa Aliyesoma Dodoma

Mhitimu wa uhasibu, uchumi, kilimo biashara au TEHAMA aliyesoma katika chuo cha hapa Dodoma, na anayetaka kufanya kazi katika mfuko wa mtaji wa ubia, yaani mfuko unaonunua hisa za kampuni changa bila kudai dhamana wala marejesho ya kila mwezi, ana njia nne anazoweza kuzifikiria kwa uzito. Anaweza kuanzia benki au katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Anaweza kuajiriwa na kampuni changa yenyewe. Anaweza kubisha hodi moja kwa moja kwenye mfuko akiomba mafunzo tarajali. Au anaweza kutafuta shahada ya uzamili katika chuo chenye jina nje ya nchi. Mimi nimepita mbili za kwanza kabla ya kuajiriwa kuwa mchambuzi katika mfuko mdogo, na vijana wanaoniuliza ushauri hutaka kujua jambo moja: ipi kati ya hizi inamfaa mtu ambaye jina la chuo chake halimwambii kitu mwajiri wa Nairobi wala wa London?

Sababu ya mlango kuwa mwembamba

Mwaka 2018 Richard Kerby, mwekezaji wa Marekani, alipitia wasifu wa wawekezaji wa mitaji ya ubia nchini mwake akakuta kwamba takriban asilimia 40 yao walisoma Stanford au Harvard. Takwimu hiyo humvunja moyo kijana wa huku, na mimi ilinivunja moyo nilipoisoma mara ya kwanza. Hata hivyo inafaa kutafuta sababu yake, kwa kuwa ukiijua sababu utajua pia mahali pa kupenya.

Chukua mfano wa mfuko wenye shilingi bilioni 10. Kwa desturi ya kazi hii, wanaousimamia hulipwa ada ya karibu asilimia 2 kwa mwaka, na kampuni zikiuzwa vizuri hupata karibu asilimia 20 ya faida. Asilimia 2 ya bilioni 10 ni shilingi milioni 200, na ndani ya hizo zinatoka mishahara ya washirika wakuu, kodi ya ofisi, nauli, wanasheria na mkaguzi wa hesabu. Kinachobaki kinaweza kumlipa mchambuzi mmoja, pengine wawili. Kwa hiyo mfuko huajiri mara chache, mara nyingi hautangazi nafasi, na hauna idara ya rasilimali watu ya kusoma mamia ya maombi. Mshirika mwenye haraka huwauliza anaowafahamu, na asipopata mtu hulitumia jina la chuo kama chekeche, kwa sababu halimgharimu muda wowote.

Hali ya soko nayo imeongeza ugumu. Kwa hesabu za Partech, kampuni ya mitaji ya ubia inayofuatilia soko la Afrika, fedha zilizowekezwa katika kampuni changa za teknolojia barani Afrika zilifika dola bilioni 6.5 mwaka 2022, zikashuka hadi bilioni 3.5 mwaka 2023 na bilioni 3.2 mwaka 2024, na sehemu kubwa huenda Nigeria, Kenya, Afrika Kusini na Misri. Tanzania inapata kiasi kidogo, ingawa zipo kampuni zilizoanzia kwetu na kuvutia fedha nyingi, kama NALA, kampuni ya kutuma fedha kwa simu, iliyokusanya dola milioni 10 mwaka 2022 na milioni 40 mwaka 2024.

Wapo walioingia bila chuo chochote. Arlan Hamilton, aliyeanzisha mfuko wa Backstage Capital huko Marekani mwaka 2015, hakuwa na shahada. Mfano wake unatia moyo lakini si ramani ya kufuatwa, maana ulihitaji miaka ya kuvumilia hali ngumu ambayo sithubutu kumwagiza mtoto wa mtu mwingine aipitie.

Ikiwa jina la chuo ni chekeche la mtu asiye na muda, basi anayekosa jina anahitaji ushahidi mwingine ambao mtu huyo anaweza kuukagua kwa dakika kumi. Kwa sababu hiyo kila njia hapa chini naipima kwa maswali matatu: inaniachia ushahidi gani mkononi, inanigharimu nini hadi niupate, na nikishindwa kuingia kwenye mfuko nabaki na nini. Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, nami naliona kuwa zito kuliko yote kwa mtu ambaye nyumbani kwao wanamsubiri.

Benki na kampuni za ukaguzi

Njia ya benki, hasa kazi ya afisa mikopo wa biashara ndogo na za kati, ndiyo iliyo karibu zaidi na mtu wa Dodoma. Matawi yapo, mshahara unaingia tangu mwezi wa kwanza, michango ya NSSF inalipwa, na mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya deni la Bodi ya Mikopo bila wewe kulifukuzia. Haya yanaweza kuonekana madogo kwa aliyetoka familia yenye uwezo, lakini kwa wengi wetu ndiyo yanayoamua.

Ushahidi unaoupata benki ni wa aina yake. Afisa mikopo huona vitabu vya biashara nyingi kwa mwaka, na vingi ni vibaya: daftari la mauzo lenye kurasa zilizolowa, deni la mteja lililoandikwa kwa jina la utani, fedha za biashara na za karo ya mtoto zikiwa katika laini moja ya simu. Kujua kuyageuza hayo kuwa taarifa ya fedha inayosomeka ni ujuzi ambao mhitimu wa chuo kikubwa cha Ulaya hana, na mfuko unaowekeza Tanzania unauhitaji kila wiki.

Ukitaka kuongeza cheti juu ya kazi, wengi hujiuliza kama waanze na CPA ya hapa nchini, ambayo ni ya uhasibu, au CFA ya kimataifa, ambayo ni ya uchambuzi wa uwekezaji. Kwa mtu wa hapa nashauri CPA kwanza. Mitihani ya NBAA, yaani bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, makao makuu ya bodi yako hapa hapa Dodoma, na ada yake mtu anaweza kuilipa kutoka kwenye mshahara wa mwanzo. CFA ina ngazi tatu na kila ngazi huanzia zaidi ya dola 900 za usajili, isipokuwa umepata ufadhili wa taasisi yenyewe, ambao unapunguza gharama kwa kiasi kikubwa na kwa hakika unafaa kuombwa. CFA inaheshimika sana Nairobi, lakini sehemu kubwa ya mtaala wake ni ya hisa na hatifungani zinazouzwa sokoni kila siku, wakati mchambuzi wa kampuni changa hukutana na hesabu ambazo hazijawahi kukaguliwa na mtu yeyote.

Kampuni kubwa za ukaguzi zilizoko Dar es Salaam hutoa nidhamu hiyohiyo kwa kiwango cha juu zaidi, na jina lao kwenye wasifu linafanya kazi ileile ya chekeche niliyoitaja. Ukipata nafasi huko, ichukue. Ukaguzi wa hesabu za serikali, ambao wahitimu wengi wa hapa huuomba kupitia Ajira Portal, ni kazi ya heshima na ya kudumu, lakini unamzoesha mtu kuuliza kama utaratibu umefuatwa, wala haumfundishi kukadiria biashara itakua kiasi gani.

Kasoro ya benki ni kwamba inakujengea jicho la dhamana. Nililitambua jicho hilo kwangu siku moja eneo la viwanda la Kizota, na kwa kuwa siku ile ndiyo iliyonionyesha tofauti ya kazi hizi mbili, nitaieleza kwa urefu kidogo.

Siku moja Kizota

Nilikuwa afisa mikopo wa mwaka wa pili. Mteja wetu, mama mmoja mkamuaji wa mafuta ya alizeti, alikuwa ametembelewa na mwekezaji kutoka Nairobi, akaniomba niwepo kwa sababu ndiye mimi niliyezijua hesabu zake. Tulisimama karibu na mashine, sakafu ikiteleza kwa mafuta, magunia ya mashudu yakiwa yamepangwa hadi karibu na bati. Mimi nilikuwa na orodha yangu ya kawaida kichwani: hati ya kiwanja ipo, leseni iko hai, mashine ina bima, marejesho ya miezi mitatu iliyopita yameingia kwa wakati.

Mgeni hakuuliza hata moja kati ya hayo. Aliuliza, "Mama, mashine hii hulala miezi mingapi kwa mwaka?"

"Mwanangu, mbegu zikianza kuadimika, inalala. Mwaka jana ililala miezi saba. Wenye fedha hununua alizeti yote wakati wa mavuno, sisi tunabaki kuitazama."

Nilikuwa nimeitembelea mashine ile mara sita, nami sikuwahi kuuliza swali hilo, ingawa ratiba yangu ya marejesho ilimdai mama yule kiasi kilekile kila mwezi, mashine ikiwa macho au imelala. Mgeni aliendelea kuuliza angekamua kiasi gani kama angekuwa na fedha ya kununua mbegu za mwaka mzima wakati wa mavuno, nani ananunua mashudu, na ushuru wa mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje ukibadilishwa katika bajeti ya Juni bei ya ndoo ya lita 20 hutikisika vipi. Mama alijibu yote bila kufungua daftari.

Mwishowe mwekezaji hakuwekeza, na sababu aliyonipa tukirudi mjini imenisaidia kuliko darasa lolote. Turudi kwenye mfuko wetu wa mfano wa bilioni 10, tuseme umegawanywa kwa kampuni 20 za milioni 500 kila moja. Nyingi zitakufa au zitarudisha kidogo, kwa hiyo kila kampuni inayochaguliwa lazima iwe na uwezekano, hata kama ni mdogo, wa kurudisha mfuko mzima peke yake. Ikiwa mfuko unamiliki asilimia 15 ya hisa, kampuni hiyo italazimika kufikia thamani ya karibu shilingi bilioni 67 ili sehemu hiyo iwe bilioni 10, na lazima apatikane mtu wa kuinunua ndani ya muda wa mfuko, ambao kwa kawaida ni miaka kumi. Kiwanda cha mama kingeweza kukua mara mbili au tatu na kumtajirisha yeye na wanawe, jambo jema kabisa, lakini kisingefika huko. Alichohitaji ni mkopo unaofuata msimu wa mavuno, na huo ulikuwa wajibu wetu sisi wa benki kumtengenezea.

Anayetoka benki akaweza kueleza kwenye usaili kwa nini biashara nzuri si lazima iwe biashara ya mtaji wa ubia, na akatoa mfano alioushika kwa mikono yake, amevuka sehemu kubwa ya pengo la jina la chuo. Asiyeweza kueleza hivyo, hata akiwa na miaka minane ya benki, ataonekana kuwa mtu wa dhamana. Ndiyo maana naweka ukomo wa miaka miwili hadi mitatu katika njia hii. Ukizidi hapo mshahara unapanda, mkopo wa nyumba unaingia, na kuhama kunakuwa kugumu kila mwaka.

Kufanya kazi ndani ya kampuni changa

Hii ndiyo njia yenye ushahidi mzito kuliko zote, na pia ndiyo yenye maumivu mengi. Ndani ya kampuni changa ya watu kumi utafanya mauzo, utapokea simu za wateja wenye hasira, utaandaa bajeti, na utaona jinsi fedha inavyoisha kabla ya muda uliopangwa. Mwekezaji husikia habari za kampuni kutoka kwa waanzilishi wanaotaka fedha yake. Wewe utakuwa umeziona kutoka jikoni.

Nilipotoka benki nilijiunga na kampuni iliyotaka kuwaunganisha wakulima wa mahindi na wanunuzi kwa njia ya simu, bila kupitia madalali wa soko la nafaka la Kibaigwa. Bei yetu kwa mkulima ilikuwa nzuri kuliko ya dalali, jambo tuliloliandika kwa herufi kubwa katika kila andiko la kuombea fedha. Wakulima walijisajili kwa wingi, wakauza mara moja, kisha wengi hawakurudi. Nilitumwa kwenda vijijini Kongwa kuuliza sababu, na jibu lilikuwa lilelile kila nilipokwenda: sisi tulilipa baada ya siku mbili, dalali alilipa papo hapo; tena dalali ndiye aliyemkopesha mkulima fedha ya palizi mwezi Januari, kwa hiyo mahindi yalikuwa yake kabla hayajavunwa. Tulidhani tunashindana na mnunuzi, kumbe tulikuwa tunashindana na mkopeshaji.

Kampuni ilifungwa. Mishahara ya miezi mitatu ya mwisho haikulipwa, na hisa nilizoahidiwa zilikuwa za mdomo tu, hivyo sikuwa na karatasi ya kudai chochote. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa kuwa waanzilishi wake walipoteza zaidi yangu. Lakini miezi michache baadaye, katika usaili wa mfuko ninaoufanyia kazi sasa, karibu muda wote ulikwenda kwenye swali la kwa nini wakulima hawakurudi, ilitugharimu kiasi gani kumsajili mmoja, na ningebadilisha nini kama ningeanza upya. Kuhusu chuo niliulizwa mwaka niliohitimu tu.

Kwa hiyo ukilinganisha njia hizi mbili, benki inakupa upana na usalama, nayo kampuni changa inakupa kina. Mtu wa benki anajua biashara mia kwa juujuu. Mtu wa kampuni changa anajua moja hadi kwenye mifupa. Mifuko midogo ya kwetu, kwa niliyoyaona, humthamini zaidi wa pili anapoweza kueleza kwa tarakimu, na humthamini zaidi wa kwanza pale ambapo wa pili ana hadithi tu bila tarakimu. Ukiwa ndani ya kampuni changa weka daftari lako mwenyewe la mafunzo na namba unazoruhusiwa kuzitunza. Usitoke na siri za mwajiri, toka na uelewa.

Kabla ya kukubali nafasi ya namna hiyo yapo mambo ya kukagua, na hayahitaji aibu kuyauliza. Angalia kama kampuni imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na wakurugenzi wake ni akina nani, kwa kuwa taarifa hizo hupatikana kwa ada ndogo. Uliza kama michango ya NSSF inalipwa. Uliza fedha iliyopo benki inatosha matumizi ya miezi mingapi, na kama mkurugenzi anakasirika kwa swali hilo basi umeshapata jibu. Ukiahidiwa hisa, taka mkataba unaosema ni hisa ngapi kati ya jumla ya ngapi, zitakuwa zako baada ya muda gani, na itakuwaje ukiondoka kabla.

Kubisha hodi moja kwa moja

Wapo wanaofaulu kuingia kwenye mfuko mara tu baada ya chuo, kwa kawaida kupitia mafunzo tarajali ya miezi mitatu au sita. Njia hii ni fupi na hukupeleka pale pale unapotaka kufika, lakini ukikosa unabaki na kidogo mkononi, tena mara nyingi ni kazi ya kujitolea isiyo na posho. Kuishi Dar es Salaam au Nairobi miezi sita bila posho ni gharama ambayo mtu wa Dodoma lazima aihesabu kabla, wala asiifanye siri kwa wazazi watakaoibeba.

Kuna mlango wa pembeni ambao hautazamwi vya kutosha, nao ni taasisi zinazozihudumia kampuni changa: Chama cha Kampuni Changa Tanzania kijulikanacho kama TSA, ukumbi wa ubunifu wa Buni ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Sahara Ventures, na programu ya FUNGUO ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) inayotoa ruzuku kwa kampuni za ubunifu. Afisa wa programu katika mahali kama hapo husoma maombi mengi ya kampuni kwa msimu mmoja, huketi na waamuzi wakijadili nani apite, na hufahamiana na wawekezaji wanaokuja kutafuta kampuni. Kwa watu wasio na jina la chuo, kufahamika hivyo ni nusu ya safari. Zipo pia programu za mtandaoni kama Dream VC, zilizoundwa kuwafundisha Waafrika kazi hii, ambazo mtu anaweza kuzisoma jioni akiwa Nkuhungu au Kisasa bila kuacha ajira. Mafunzo hayo hayaleti ajira yenyewe, ila yanakupa lugha ya kazi na watu wa kuwaandikia.

Umbali nao umepungua. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, kwa nauli ya daraja la kawaida iliyoanzia shilingi 31,000, mtu anaweza kwenda Dar es Salaam asubuhi, akahudhuria kikao cha wawekezaji, akarudi usiku huohuo kwa kutegemea ratiba. Wakati wetu safari hiyo ilikula siku mbili na ruhusa ya bosi.

Shahada ya uzamili nje ya nchi

Hapa sitakaa sana. Uzamili katika chuo chenye jina hulitatua tatizo la chekeche moja kwa moja, na aliyepata ufadhili kamili asisite. Lakini kujilipia kwa mkopo au kwa kuuza kiwanja cha familia ili kuingia katika kazi yenye nafasi chache kiasi nilichoeleza ni hatari ambayo siwezi kuishauri. Aidha, ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili kabla ya kuomba, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Maana yake ni kwamba hata njia hii hupitia kwanza benki au kampuni changa, na atakayeomba akiwa na kisa kama cha Kizota au Kibaigwa atakuwa na la kuandika.

Faida ambayo Dodoma inakupa

Katika njia zote nne, mtu wa hapa ana mali ambayo mara nyingi haihesabu. Wizara zipo Mtumba. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2022 ambayo kila kampuni ya teknolojia inapaswa kuizingatia, ipo Dodoma. Mwekezaji wa Nairobi anayetaka kujua kama leseni fulani itatoka hana mtu wa kumtuma aliye karibu, anayezungumza Kiswahili cha ofisini na anayejua taratibu za dawati hadi dawati. Vilevile kanda yetu ina alizeti ya Dodoma na Singida, nafaka za Kibaigwa, vitunguu vya Singida, mashamba makubwa ya vijana ya programu ya serikali ya BBT kule Chinangali, na zabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka, ambayo wakulima hulazimika kuigeuza mchuzi wa zabibu kwa haraka ili isiozee shambani. Mfuko unaotaka kuwekeza katika kilimo hauwezi kuyajua haya kwa kusoma ripoti.

Mali hiyo huonekana pale tu inapoandikwa. Chagua kampuni moja ya kweli ya kanda hii, omba ruhusa ya mwenyewe, kisha andika andiko la uwekezaji la kurasa tatu au nne: tatizo ni lipi na nani analilipia leo, soko ni kubwa kiasi gani na umelihesabu vipi, faida kwa kila kitu kimoja kinachouzwa, waanzilishi ni akina nani na umewauliza wateja gani kuhusu wao, hisa zimegawanywaje, nani anaweza kuinunua kampuni siku za mbele, na mwishoni uamuzi wako, ndiyo au hapana, pamoja na jambo ambalo likitokea utabadili uamuzi. Mkataba wa SAFE, ambao kwao mwekezaji hutoa fedha leo ili apewe hisa baadaye, ulitolewa mwaka 2013 na Y Combinator, taasisi ya Marekani inayolea kampuni changa, nao unapatikana bure mtandaoni. Usome hadi uweze kumweleza mwanzilishi kwa Kiswahili sehemu yake itapungua kiasi gani akiutia sahihi. Andiko linalosema hapana kwa hoja nzuri lina uzito kuliko matatu yanayosifu. Mimi hupokea barua nyingi za maombi zenye shauku, na kwa miaka yote hiyo niliyopokea zenye andiko la namna hii hazifiki kumi. Waandishi wake wote niliwapigia simu.

Nani achague ipi

Aliye chuoni bado, mwaka wa pili au wa tatu, aitumie field yake katika kampuni changa au katika taasisi inayozihudumia, hata kama wenzake wote wanakwenda halmashauri, kwa kuwa wakati huo gharama ya kujaribu ni ndogo kuliko itakavyokuwa tena maishani. Aliyehitimu na ana wadogo wanaomtegemea aende benki, aanze CPA mapema, aandike andiko moja kila baada ya miezi mitatu, na aweke tarehe ya kutoka. Aliyehitimu bila mzigo huo aende kampuni changa.

Na aliye na barua mbili mezani kwa wakati mmoja, ya benki na ya kampuni changa, aulize lile swali la fedha iliyopo. Ikiwa inatosha miezi chini ya sita, asaini ya benki. Ikiwa inazidi mwaka mmoja na mkurugenzi amemwonyesha hesabu bila kusita, asaini ya kampuni changa. Ikiwa iko katikati, aombe mkataba wa miezi sita wenye mshahara unaolipwa kila mwezi na hisa zilizoandikwa, na aiombe benki kwa barua imsogezee tarehe ya kuanza. Wakikataa wote wawili, aende benki, kisha Jumamosi moja apande basi la asubuhi kwenda Kibaigwa akiwa na daftari.